NONDO WA NGUO, MRITHI ASIYETAJWA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, ambaye kilicho kikubwa hakimshindi na kilicho kidogo hakimpotei. Sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Mwenyezi Mungu Mtukufu amebainisha katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 26, ya kwamba Yeye haoni haya kupiga mfano kwa mbu, au kwa kilicho zaidi ya mbu. Wenye imani wakisikia mfano huo hujua kuwa ni haki itokayo kwa Mola wao, na wenye kukanusha huuliza kwa kebehi: Mungu alikusudia nini kwa mfano huu? Basi haimpasi Muislamu kumdharau mdudu kwa udogo wake. Nyuki ametajwa, na chungu ametajwa, na buibui ametajwa, na mdudu wa ardhi aliyeila fimbo ya Nabii Suleiman ametajwa katika Sura ya Saba, aya ya 14. Majini waliokuwa wakimtumikia Suleiman hawakujua kuwa amekufa mpaka mdudu yule alipoila fimbo, naye akaanguka. Kiumbe asiye na nguvu akawafunulia wenye nguvu jambo lililofichika kwao.

Katika viumbe wa namna hiyo yumo mmoja akaaye ndani ya nyumba za watu, wala hapana atazamaye khabari zake illa siku ya khasara. Naye ni nondo wa nguo.

Nondo wawili

Lugha ya Kiswahili imewakusanya wengi katika neno moja la nondo. Walakini Kiarabu kimewapambanua. Yule arukaye usiku akaizunguka taa mpaka akaungua huitwa farashi, na yule alaye sufu ndani ya sanduku huitwa uththa. Kuna mithali ya kale ya Waarabu isemayo khabari ya uththa mdogo aliyejitia kuitafuna ngozi laini isiyo na pa kushika meno, nayo hupigiwa mtu ajitaabishaye kwa jambo asiloliweza. Na mwanachuoni Kamaluddin Ad-Damiri, aliyefariki mwaka wa 808 wa Hijra, yaani 1405 wa Miladi, aliyekusanya khabari za wanyama katika kitabu chake Hayatul Hayawan, hakumsahau mdudu huyu mdogo.

Na tofauti ya wawili hawa ni kubwa, maana farashi hukimbilia mwanga, na uththa huukimbia. Farashi ndiye aliyetajwa katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) alijifananisha na mtu aliyewasha moto, nondo na wadudu wakawa wanajitupa ndani yake, naye anawazuia, nao wanamshinda wanaingia. Huyo ni mfano wa mtu apoteaye mbele ya macho ya watu, aendaye mbio kwenye yang'aayo. Lakini uththa ni mfano wa yule aharibuye gizani, polepole, ndani ya nyumba iliyofungwa, hali mwenye nyumba amelala na ufunguo chini ya mto. Watu wengi wamehofishwa na ule moto, wakasalimika nao, kisha wakaliwa na nondo wa sanduku.

Umbo lake na maisha yake

Nondo wa nguo aliye mashuhuri kuliko wote wataalamu humwita kwa jina la Kilatini Tineola bisselliella. Aliyemwandika kwanza katika vitabu vya elimu ya wadudu ni Hummel, mwaka wa 1823. Mwili wake una urefu wa milimita 6 au 7 tu, na mbawa zake zikikunjuliwa hazizidi kiasi cha milimita 16. Rangi yake ni ya dhahabu iliyofifia, na kichwani ana vinyweleo vyekundu-vyekundu vilivyosimama. Harukiruki kama nondo wengine. Sanduku likifunguliwa hukimbia kwa miguu akajificha katika mikunjo. Akiruka, huruka kwa udhaifu, tena aghalabu arukaye ni dume, na jike mwenye mzigo wa mayai hubaki kitamboni.

Jike hutaga mayai kiasi cha 40 mpaka 50, na pengine zaidi, kila yai dogo kuliko chembe ya mchanga, akayabandika katika nyuzi za sufu. Katika nyumba yenye joto mayai huanguliwa baada ya siku 4 mpaka 10. Hutoka kiwavi mweupe, mwenye kichwa cha rangi ya hudhurungi, naye huanza kula papo hapo. Huyo kiwavi ndiye mlaji. Hula huku akisuka njia za hariri juu ya kitambo, akajifunika ndani yake, nguo ikaonekana kama iliyoota utando. Yuko na jamaa yake mwingine, Tinea pellionella, aliyeandikwa na Linnaeus mwaka wa 1758, ambaye kiwavi wake hujishonea mfuko kwa nyuzi za nguo ile ile aliyoila, akaingia ndani yake, akatembea nao kila aendako. Nguo nyekundu humpa mfuko mwekundu, na nguo nyeusi mfuko mweusi. Mwizi amevaa alichoiba, na mwenye mali hamtambui.

Kiwavi akipata chakula chema na joto hukamilisha umri wake kwa muda wa miezi michache. Akikosa, husubiri. Hula kidogo, hukua kidogo, na huweza kubaki katika hali hiyo zaidi ya miaka miwili. Hahitaji maji ya kunywa, maana huyapata katika chakula chake kikavu. Kisha hujifungia ndani ya kifuko cha hariri, akalala, akageuka umbo, akatoka nondo mwenye mbawa.

Na hapa pana ajabu iwapasayo wenye akili kuizingatia. Nondo mwenye mbawa hali kitu. Hana kinywa cha kulia. Huishi majuma machache kwa akiba aliyoila alipokuwa kiwavi. Huoana, hutaga, hufa. Mtu amwonaye akiruka akampiga kofi hudhani ameiokoa nguo yake, na hali mharibifu yumo ndani ya kitambo, mdogo, kimya, haonekani. Ndivyo ilivyo maasi ya mwanadamu: kile kinachoonekana nje ni mwisho wa jambo, na mwanzo wake ulikwisha kutagwa moyoni zamani.

Watu wa kale walidhani nondo huzaliwa na sufu yenyewe. Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, aliandika kuwa wadudu hawa huzuka katika sufu, na kwamba huzidi sufu ikiwa na vumbi. Katika jambo la vumbi hakukosea. Katika jambo la kuzuka alikosea. Mwaka wa 1668 Francesco Redi, tabibu wa Italia, alizifunika nyama kwa kitambaa inzi wasizifikie, zikaoza wala zisitoe funza, ikabainika ya kuwa funza wale hawakuzuka kwa nyama bali kwa mayai ya inzi. Na nondo ni vivyo hivyo: hapana kiwavi pasipo yai, wala hapana yai pasipo mlango ulioachwa wazi.

Riziki yake

Katika Sura ya Hud, aya ya 6, Mwenyezi Mungu amesema ya kwamba hapana mnyama katika ardhi illa riziki yake iko juu Yake. Basi itazamwe riziki aliyompa mdudu huyu. Sufu, nywele, manyoya ya ndege, kucha, kwato na pembe, vyote vimejengwa kwa kitu kigumu kiitwacho keratini. Simba akila mnyama huacha pembe na nywele, na fisi avunjaye mifupa nywele humpita tumboni zikatoka kama zilivyoingia. Lakini tumbo la kiwavi wa nondo limeumbwa lina ukali kama wa maji ya magadi, tena lina nguvu ya kuvifungua vile vifundo vilivyoifunga keratini. Basi anakula kilichowashinda wenye meno na makucha.

Wala hakuumbwa kwa ajili ya masanduku. Kabla mtu hajasokota uzi wa sufu, jamaa za nondo huyu walikuwa wakiishi katika viota vya ndege, na katika mapango, na juu ya mizoga iliyokauka, wakila mabaki. Wataalamu waliofuatilia nasaba yake hudhani kuwa asili yake ni bara la Afrika, kisha akasafiri na biashara ya ngozi na sufu mpaka akaenea karibu dunia nzima. Na katika mbuga za Kenya na Tanzania yuko jamaa yake aitwaye Ceratophaga vastella, ambaye viwavi wake hula pembe za nyati na swala na ng'ombe waliokufa. Apitaye nyikani huweza kuona fuvu la mnyama limelala chini, na juu ya pembe zake vimeota vijibomba vingi kama vidole. Hivyo ndivyo vifuko vya nondo huyo. Kama si yeye na wenziwe, ardhi ingalijaa pembe na nywele zisizooza upesi. Basi ni mfagizi aliyewekwa na Mola, kazi yake kuondoa kilichoachwa.

Hilo ndilo neno la kushikwa: kazi yake kuondoa kilichoachwa. Nondo hamjui mwenye mali. Anajua sufu imelala gizani haitikiswi, wala haivaliwi, wala haioni jua, naye kwa maumbile yake huihesabu kuwa ni kitu cha maiti. Nguo ivaliwayo kila juma hasitawi ndani yake, kwani hutikiswa, na mwanga humfukuza. Kanzu ya pamba hana haja nayo, maana pamba ni mmea, wala haina keratini; kanzu ikitobolewa atafutwe mende au panya, nondo asisingiziwe. Lakini joho la sufu, na bushuti la singa za ngamia, na tarbushi, na blanketi, na zulia, hivyo ni vyake vikiachwa. Tena hupenda zaidi palipo na jasho na taka, pale shingoni na kwapani, kwa sababu sufu safi peke yake haimtoshi kwa afya yake, na katika jasho na taka hupata alichopungukiwa. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa tohara ni nusu ya imani. Aliyeweka joho bila kulifua amemwekea nondo chakula na kitoweo.

Zulia la msikiti

Atazamaye zulia la sufu lililotandikwa miaka mingi msikitini huweza kuona dalili. Pale panapokanyagwa na miguu ya wenye kusali, na panapowekwa vipaji vya nyuso katika sijida, zulia huchakaa kwa kutumika, lakini nondo hapati kituo. Mharibifu huanzia kwingine: chini ya kabati la misahafu, nyuma ya mimbari, na katika pembe asikosimama mtu. Safu ikiwa imejaa, zulia limehifadhiwa na waja wenyewe bila wao kujua. Safu ikipungua, nondo husonga mbele hatua moja.

Na lililo baya zaidi ni lile zulia lililotolewa wakfu, kisha likakunjwa likawekwa chumbani kwa kusubiri Idi. Mtoaji alikusudia thawabu zisizokatika, na msimamizi alikusudia kulitunza. Lakini utunzaji wa kukunja na kusahau si utunzaji. Idi ikafika, zulia likakunjuliwa, likatoka vumbi na nyuzi zilizokatika. Ni nani atakayeulizwa? Nondo hataulizwa, kwani hakupewa amana. Mwanadamu ndiye aliyeichukua amana.

Sanduku la marehemu

Na ichukuliwe hali hii, ambayo katika miji ya pwani si ngeni. Mzee amefariki. Ameacha mke, na watoto wa kiume wawili, na binti mmoja ambaye hajabaleghe. Katika vitu alivyoacha mna sanduku, na ndani ya sanduku mna joho la thamani, na bushuti mbili, na mazulia aliyokuja nayo kutoka safarini. Baada ya matanga mkubwa wa watoto akachukua ufunguo, akasema: Sanduku lisifunguliwe mpaka arudi ndugu aliye safarini. Neno hilo likaonekana kuwa ni la heshima. Ndugu akarudi, wakakosana kwa khabari ya nyumba. Sanduku likangoja nyumba. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa nne. Mjane akaona haya kudai. Binti hakuwa na wa kumsemea. Na kila aliyeuliza aliambiwa: Mali ipo, haikwenda popote.

Siku walipopatana wakafungua. Likatoka joho limekuwa kama wavu wa kuvulia.

Mali ilikuwa imekwenda, na hali sanduku lilikuwa limefungwa. Mwenyezi Mungu amegawa mirathi Mwenyewe katika Sura ya An-Nisaa, hakumwachia mfalme wala kadhi kuzipanga sehemu. Yakiisha kulipwa mazishi, na deni, na wasia usiozidi theluthi, katika hali hii mke hupata thumuni, na kilichobaki hugawiwa watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Mali ikifanywa mafungu 40, mjane ana 5, kila mtoto wa kiume ana 14, na binti ana 7. Jumla ni 40, wala hakikubaki kitu. Hapana fungu la nondo. Basi aliyemwingiza nondo katika mirathi ameongeza mrithi asiyetajwa na Mwenyezi Mungu, tena amempa zaidi ya alivyopewa mwenye fungu kubwa.

Na ajabu ya mrithi huyu ni kuwa hafuati hesabu. Halianzi fungu la mkubwa akaliacha la mdogo. Hula la mjane, na la yatima, na la yule mwenye ufunguo. Lakini mbele ya Mola hawako sawa. Mjane amedhulumiwa, na yatima amedhulumiwa, na mwenye ufunguo ndiye mdhulumu, hata kama yeye mwenyewe hakuvaa joho hilo siku moja. Wanavyuoni wa sharia wamesema ya kwamba mwenye amana hadaiwi kilichopotea pasipo uzembe wake, lakini akizembea hulipa. Je, kulifungia joho la sufu miaka minne, bila kulianika wala kulitikisa, si uzembe? Katika sura hiyo hiyo ya An-Nisaa, aya ya 10, wametishwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma, ya kwamba wanakula moto matumboni mwao. Mwenye ufunguo atasema: Mimi sikula. Basi na ajiulize, aliyekula ni nani, na aliyemfungulia mlango ni nani.

Jambo lilikuwa jepesi. Joho lingethaminiwa siku ya kumi au ya ishirini, akalichukua mmoja kwa thamani yake katika fungu lake, au likauzwa sokoni na bei yake ikagawanywa kwa 40. Mjane angepata chakula cha siku kadhaa, na yatima angepata nguo ya Idi. Lakini khofu ya kuonekana mwenye tamaa iliwazuia watu wasigawane kwa haki, mpaka asiye na haya akagawana peke yake.

Mali yangu, mali yangu

Muslim amepokea Hadithi ambamo Mtume (S.A.W.) ameeleza jinsi mwanadamu asemavyo: mali yangu, mali yangu, na hali hana katika mali yake illa alichokula kikaisha, au alichovaa kikachakaa, au alichotoa sadaka kikatangulia mbele yake. Mambo matatu. Kilicholala sandukuni hakikutajwa kuwa ni chake.

Pengine mtu atasema: Nguo zangu hazina zaka, basi nina dhambi gani nikiziweka? Ni kweli, nguo za kuvaa hazina zaka. Zaka ya nguo ni kwa mfanya biashara, zikifika kiwango na kutimiza mwaka, naye hutoa robo ya ushuri ya thamani yake, yaani 2.5 katika kila 100. Wala dini haikukataza nguo njema. Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, wanadamu wameamrishwa wachukue mapambo yao katika kila mahali pa ibada, na Tirmidhi amepokea Hadithi ya kuwa Mwenyezi Mungu hupenda kuona athari ya neema Yake juu ya mja Wake. Aliye na joho na alivae Ijumaa na Idi na arusi, na amshukuru aliyempa. Lakini aliye na majoho manne akavaa moja, na jirani yake mzee anatetemeka kwa baridi ya kusi hana la kujifunika, huyo hakuambiwa na sharia kuwa ana deni la zaka; ameambiwa na akili yake kuwa yale matatu yana mwenyewe, ama mzee ama nondo. Na kati ya wawili hao, mmoja atamwombea dua.

Tirmidhi amepokea tena khabari ya kondoo aliyechinjwa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), akagawiwa watu mpaka hakikubaki illa bega. Alipoambiwa kuwa limebaki bega tu, alieleza kinyume chake: kimebaki chote illa bega. Hesabu hii ndiyo hesabu ya Akhera. Aliyotoa ndiyo aliyoweka, na aliyoweka ndiyo aliyoacha.

Namna ya kumzuia

Kuhifadhi mali si katika ubakhili. Kupoteza mali kumekatazwa. Basi Muislamu na azijue njia za kumzuia mdudu huyu, nazo ni hizi.

Kwanza, nguo ya sufu isiwekwe hali ina jasho. Ifuliwe au isafishwe kwa namna iifaayo, ikauke sana, ndipo ikunjwe.

Pili, kila mwezi mara moja itolewe, itikiswe, ipigwe burashi katika mikunjo na mishono, ianikwe juani. Viwavi huchukia mwanga, na mayai huanguka kwa burashi. Mazulia yageuzwe, na vyombo vilivyo juu yake visogezwe.

Tatu, ikiwa nguo imekwisha kuingiwa, joto la kiasi cha digri 55 likiifikia yote ndani kwa muda huua kiwavi na mayai. Au ifungwe ndani ya mfuko, itiwe katika friza ya digri 18 chini ya sifuri, ikae majuma mawili.

Nne, wengi hutumia vidonge vya naftalini. Hivyo huua, lakini ni sumu. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu katika damu, nao ni wengi katika nchi zilizokuwa na malaria tangu kale; mtoto wa namna hiyo akifunikwa nguo iliyotoka katika naftalini, damu yake huweza kuvunjika akaingiwa na manjano, na pengine akafa. Basi nguo kama hiyo haifai kumfunika mtoto mchanga, na vidonge hivyo visiwekwe mahali watoto wafikapo wakadhani ni peremende.

Tano, isitumiwe adhabu ya moto. Kumuua mdudu mwenye kudhuru kunaruhusiwa, lakini Abu Dawud amepokea ya kwamba Mtume (S.A.W.) aliona kijiji cha chungu kimechomwa, akakataza, akabainisha kuwa haimpasi yeyote kuadhibu kwa moto illa Mola wa moto.

Wala mtu asidhani kuwa jambo hili ni la masikini wa pwani peke yao. Huko Uingereza, mwaka wa 2017, shirika la English Heritage, litunzalo majumba ya kale, liliwagawia wageni wake mitego ya nondo bure wakaitege nyumbani kwao, ili ijulikane wameenea kiasi gani, maana mazulia na mapazia ya kifalme yalikuwa hatarini. Mitego hiyo huwa na harufu ya jike, humvuta dume akanasa. Lakini jike aliyekwisha kupandwa hakamatwi. Basi mtego huleta khabari tu, na kazi hubaki kwa mwenye nyumba. Mawaidha nayo ni hivyo hivyo. Humwonyesha mtu kilichomo ndani yake. Kufungua na kufuta ni juu yake.

Siku ya kufunguliwa

Katika Sura ya Al-Qaria, aya ya 4, watu wa siku hiyo wamefananishwa na farashi waliotawanyika, na katika aya inayofuata milima imefananishwa na sufu iliyochambuliwa. Nondo na sufu, vyote viwili vimetajwa mahali pamoja. Mwanadamu aliyejiona mzito atakuwa kama nondo asiyejua aelekeako, na mlima ulioonekana hautikisiki utakuwa kama sufu ipeperukayo. Hapo hapana sanduku, wala ufunguo, wala giza la kujifichia. Ndipo zitakapowekwa mizani, na ambaye mizani yake ni mizito atakuwa katika maisha ya kumridhisha.

Basi ewe mwenye ufunguo wa sanduku la marehemu, lifungue kabla ya Ijumaa ijayo, uwaite warithi, umpe kila mtu fungu lake. Ewe msimamizi wa wakfu, kunjua zulia, litandike, watu wasujudu juu yake. Nawe uliyejaaliwa ziada, tazama yupi aliye karibu na mlango wako hana la kujifunika. Giza ambalo nondo hulipenda huondoka kwa mkono mmoja tu, nao ni mkono ufunguao.

Mwenyezi Mungu awaongoze Waislamu katika kutimiza amana, awalinde mayatima na wajane wasiliwe mali zao kwa dhahiri wala kwa siri, na azifanye nguo za waja Wake kuwa sitara duniani na Akhera. Amin.

Wabillahi ttaufiq.